Kontrola mbili, modeli moja: njia za CakePHP zikiwekwa kando kwa kando

Umeandika kontrola, yaani klasi inayopokea maombi ya kurasa, iitwayo `WanachamaController`, na ndani yake `$this->Wanachama` inaitika yenyewe, hukutangaza chochote. Kesho yake unafungua `MikopoController`. Unataka jina la mwanachama aliyekopa, unaandika `$this->Wanachama->find()` kama ulivyozoea, na ukurasa unakurudishia `Call to a member function find() on null`. Karibu kila anayejifunza CakePHP, kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya PHP, hupita hapa, na swali linalofuata huwa lilelile: modeli (klasi inayozungumza na jedwali la hifadhidata) ya kontrola hii nitaipataje kwenye kontrola ile?

Jibu fupi lipo, ni mstari mmoja, na nitalitoa hapa chini. Lakini njia za kufika huko ni nyingi, na hazilingani. Baadhi zinakupa jedwali tu. Nyingine zinakupa jedwali pamoja na kanuni zake. Tofauti hiyo nilichelewa kuielewa, na kuchelewa huko kulimgharimu mtu mwingine muda na heshima yake, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Mfano wote utatoka kwenye mfumo wa kikoba: wanachama, hisa, mikopo, marejesho, faini. Ndio mfumo niliotengeneza kwa mikono yangu, na wengi wenu mnajua kikoba kinavyokwenda hata bila kompyuta.

Neno moja kuhusu matoleo, maana ukisoma majibu ya zamani utachanganyikiwa. CakePHP ilianza mwaka 2005, na katika matoleo ya 1 na ya 2 ulikuwa unaorodhesha modeli unazozihitaji juu ya kontrola kwa `$uses`. Toleo la 3.0, la Machi 2015, lilivunja modeli vipande viwili: klasi ya jedwali, kama `MikopoTable`, inayoshughulika na jedwali zima, na klasi ya rekodi moja, kama `Mkopo`. Njia ya kawaida ikawa `loadModel()`, na toleo la 4.3 likaitangaza kuwa njia ya kuachwa, nafasi yake ikachukuliwa na `fetchTable()`. Msimbo nitakaouonyesha ni wa toleo la 5, lililotoka Septemba 2023. Ukikuta mahali `$uses` inapendekezwa, jua ni ushauri wa zamani.

## Kuliita jedwali kwa jina, au kulifikia kupitia uhusiano

CakePHP hulinganisha jina la kontrola na jina la jedwali. `MikopoController` inapewa `MikopoTable`, basi, haipewi jingine. Ukitaka jingine, uliite:

```php
// src/Controller/MikopoController.php
$wanachama = $this->fetchTable('Wanachama');
$orodha = $wanachama->find('list')->all();
```

Huo ndio mstari mmoja niliouahidi. Wapo wanaoogopa kwamba kuita `fetchTable('Wanachama')` mara tatu katika ombi moja kutajaza kumbukumbu vitu vitatu vilevile. Hapana. Nyuma yake kuna `TableLocator`, inayotunza kila jedwali kwa jina lake, na ukiliita tena unapewa lilelile la mwanzo. Kwa hiyo usihangaike kulipitisha mkono kwa mkono kutoka methodi hii hadi ile. Liite pale unapolihitaji.

Njia ya pili inapita kwenye uhusiano. Kama ndani ya `MikopoTable` umeandika `$this->belongsTo('Wanachama')`, basi hii nayo inafanya kazi:

```php
$orodha = $this->Mikopo->Wanachama->find('list')->all();
```

Matokeo ni yaleyale, na wengi huipenda kwa sababu inasomeka vizuri. Mimi pia niliipenda, mpaka nikaona inavyowapotosha wanaoanza. Mtu anaandika `$this->Wanachama->Mikopo->find()` akiwa kwenye ukurasa wa mwanachama mmoja, akiamini atapata mikopo ya yule mwanachama. Hapati hiyo. Anapata mikopo ya kikoba kizima. Mshale ule unaunganisha jedwali na jedwali, haujui kabisa ni nani uliyemfungua kwenye skrini. Ukitaka mikopo ya mtu mmoja, mlete mtu pamoja na mikopo yake:

```php
$mwanachama = $this->Wanachama->get($id, contain: ['Mikopo']);
```

Kuna jingine lililojificha zaidi. Uhusiano unaweza kubeba masharti. Tuseme umetangaza uhusiano uitwao `MikopoHai`, klasi yake ni `Mikopo`, na umeuwekea sharti kwamba hali iwe "umetolewa". Ukiandika `$this->Wanachama->MikopoHai->find()`, sharti lile linafuata kimyakimya. Anayesoma kontrola halioni popote, mpaka afungue `WanachamaTable`. Ukilinganisha na `fetchTable('Mikopo')->find()`, mistari hiyo miwili inafanana kwa macho lakini idadi zinazorudi hazifanani.

Hukumu yangu: kwa kuliita jedwali la jirani, tumia `fetchTable`. Uhusiano ubaki kwa kazi yake, yaani `contain` (kuleta rekodi pamoja na zinazohusiana nayo), `matching` (kuchuja kwa zinazohusiana nayo) na kuhifadhi rekodi pamoja na watoto wake. Hatua moja ya mshale inavumilika. Mnyororo kama `$this->Faini->Mikopo->Wanachama->...` usiuandike. Siku faini zitakapoanza kutozwa pia kwa kuchelewa mkutano, bila mkopo wowote, kila mnyororo ulioanzia kwenye faini kumfikia mwanachama kupitia mkopo utakuwa umepoteza njia.

Kabla ya kuondoka hapa, angalia tahajia. Ukiandika `fetchTable('Mkopo')` badala ya `Mikopo`, CakePHP inaweza kukutengenezea jedwali la jumla lisilo na chochote ulichoandika: halina uhakiki wako, halina mahusiano yako. Kiolezo kipya cha programu kinafunga mlango huo kwa `allowFallbackClass(false)` ndani ya `Application.php`. Mfumo ulioanza zamani na kupandishwa toleo kidogo kidogo unaweza kuwa hauna mstari huo. Uongeze leo. Kosa linalopiga kelele mapema ni afadhali mara kumi kuliko mkopo uliohifadhiwa bila kuhakikiwa.

## Kuhusu majina ya Kiswahili

Hili halimo kwenye swali, ila litakukuta tu ukiandika kwa lugha yako, na mimi nasisitiza uandike kwa lugha yako pale ambapo watumiaji na watunzaji wa mfumo ni Waswahili. CakePHP hutafuta umoja na wingi wa majina kwa kanuni za Kiingereza. Haijui M-Mi wala M-Wa. Ukiipa "mkopo" na kuomba wingi, itabandika herufi "s" mwishoni. Ukiipa "wanachama" na kuomba umoja, itakurudishia "wanachama" vilevile, kisha itatafuta safu ya `wanachama_id` ilhali wewe umeiita `mwanachama_id`.

Dawa ni mistari michache kwenye `config/bootstrap.php`:

```php
Inflector::rules('irregular', [
    'mkopo'      => 'mikopo',
    'mchango'    => 'michango',
]);
// 'irregular' huacha herufi ya kwanza ya neno ilivyo,
// kwa hiyo mwanachama/wanachama wapewe kanuni zao
Inflector::rules('singular', [
    '/^wanachama$/' => 'mwanachama',
    '/^Wanachama$/' => 'Mwanachama',
]);
Inflector::rules('plural', [
    '/^mwanachama$/' => 'wanachama',
    '/^Mwanachama$/' => 'Wanachama',
]);
```

Fanya hivi kabla ya kutengeneza jedwali la kwanza. Nimeona mfumo wenye `mikopo_id` hapa na `mkopo_id` pale ndani ya hifadhidata moja, na kusafisha hali hiyo baada ya data kuingia ni kazi ya siku nzima. Ngeli ya N-N inakupumzisha upande wa umoja: hisa ni hisa, faini ni faini. Upande wa wingi "s" itabandikwa vilevile, usipoyaandikisha kwa `Inflector::rules('uninflected', ['hisa', 'faini'])`.

## AppController: mlango wa uani

Kwa kuwa kontrola zote zinarithi `AppController`, wapo wanaoita majedwali yote ndani ya `initialize()` yake, ili `$this->Mikopo`, `$this->Hisa` na `$this->Faini` zipatikane kila mahali. Inafanya kazi. Kinachopotea ni ufahamu: ukifungua kontrola ya ukurasa wa kuingia huwezi kujua inagusa majedwali gani, kwa sababu kwenye karatasi inagusa yote. Nimeiruhusu kwa kitu kimoja tu, nacho ni kikoba chenyewe pale mfumo mmoja unapohudumia vikoba vingi, maana hapo kila ukurasa bila ubaguzi unahitaji kujua uko kwenye kikoba gani.

## Mweka hazina na kurasa mbili

Sasa nifike nilikokuwa naelekea.

Mfumo wangu wa kwanza wa kikoba ulikuwa na dashibodi na ukurasa wa ripoti ya mwezi. Vyote viwili vilionyesha jumla ya mikopo hai. Kwenye kontrola ya dashibodi niliandika sharti la salio kuzidi sifuri. Miezi michache baadaye, nikiandika kontrola ya ripoti, niliandika sharti la hali kuwa "umetolewa". Zote mbili ziliita `MikopoTable` ileile, kwa njia sahihi, bila kosa lolote. Na kwa muda mrefu namba zililingana.

Kisha kikundi kikawasamehe wanachama wawili waliofiwa. Mikopo yao ikawekwa hali ya "umesamehewa", salio likabaki kama lilivyokuwa, kwa ajili ya kumbukumbu. Ripoti ikaiacha nje. Dashibodi ikaendelea kuihesabu. Mweka hazina alisimama mbele ya mkutano na karatasi ya ripoti, mjumbe mmoja akiwa na dashibodi kwenye simu yake, na jumla mbili tofauti zikasomwa kwa sauti. Jioni alinipigia. "Mwanangu," aliniambia, "niamini ukurasa upi? Maana wenzangu wameshaanza kunitazama vingine."

Fedha zote zilikuwepo. Hakukuwa na senti iliyopotea. Lakini mama yule alikuwa ametiliwa shaka kwa ajili ya sharti nililoandika mara mbili, kila mara kwa maneno tofauti. Tangu hapo, mtu akiniuliza namna ya kushiriki modeli kati ya kontrola, namuuliza kwanza: unachotaka kushiriki ni jedwali, au ni maana ya "mkopo hai"? Jedwali CakePHP inakupa bure. Maana usipoipa makao yake, itaandikwa upya na kila kontrola inayoihitaji.

## Komponenti au kitafutio

Makao mawili hushindaniwa hapa. La kwanza ni komponenti, kifurushi cha msimbo ambacho kontrola kadhaa zinaweza kukipakia:

```php
// src/Controller/Component/HesabuComponent.php
class HesabuComponent extends Component
{
    public function mikopoHai()
    {
        return $this->getController()
            ->fetchTable('Mikopo')
            ->find()
            ->where(['hali' => 'umetolewa', 'salio >' => 0]);
    }
}
```

La pili ni kitafutio, yaani methodi ndani ya klasi ya jedwali ambayo jina lake linaanza na `find`:

```php
// src/Model/Table/MikopoTable.php
public function findHai(SelectQuery $query): SelectQuery
{
    return $query->where([
        $this->aliasField('hali') => 'umetolewa',
        $this->aliasField('salio') . ' >' => 0,
    ]);
}
```

Kwenye kontrola, ya kwanza inaitwa `$this->Hesabu->mikopoHai()`, ya pili inaitwa `$this->fetchTable('Mikopo')->find('hai')`. Kwa ukurasa mmoja zinalingana. Ziache zikae miezi sita, ndipo utaona zinapoachana.

Komponenti imefungwa kwenye kontrola. Haiwezi kuishi bila ombi la wavuti. Kikoba kina kazi ya usiku, amri inayoendeshwa na kroni (cron, programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba) kuangalia nani amechelewa kurejesha. Amri hiyo haina kontrola, kwa hiyo haina komponenti. Utafanya nini? Utanakili sharti lile ulipeleke kwenye amri, na hapo umerudi kwenye kurasa mbili za mweka hazina, safari hii ikiwa dashibodi na faini. Kitafutio hakina shida hiyo. Amri nayo inaweza kuita `fetchTable('Mikopo')->find('hai')` neno kwa neno.

Kitafutio pia huungana na wenzake:

```php
$mikopo->find('hai')->find('iliyochelewa')->find('yaMwezi', mwezi: 7);
```

Kila kimoja kinaongeza sharti lake kwenye hoja (query) ileile, na hifadhidata inaulizwa mara moja tu mwishoni. Komponenti ukiijengea kitu kama hicho utaishia na `mikopoHaiIliyochelewaYaMwezi()`, na dada zake wanane.

Lililonishawishi kabisa ni kwamba kitafutio kinaingia hata ndani ya `contain`:

```php
$mwanachama = $this->Wanachama->get($id, contain: [
    'Mikopo' => fn ($q) => $q->find('hai'),
]);
```

Kwa hiyo ukurasa wa mwanachama, dashibodi, ripoti, API ya simu na amri ya usiku vyote vinasema neno moja, "hai", na maana ya neno hilo imeandikwa pahali pamoja. Siku kikundi kitakapoamua kwamba mkopo uliosogezewa muda si hai, unabadilisha mstari mmoja.

Ile `aliasField`, inayotanguliza jina la sasa la jedwali mbele ya jina la safu, usiiache. Ukiandika `'Mikopo.hali'` kwa mkono, kitafutio kitafanya kazi mpaka siku jedwali litakapoitwa kupitia uhusiano wenye jina jingine, kama ule wa `MikopoHai`. Hapo hifadhidata italalamika kwamba safu haipo, nawe utahangaika kutafuta safu ambayo unaiona kwa macho yako.

Upande wa majaribio, kitafutio ni chepesi: unaingiza rekodi tano za mfano, mmoja ukiwa umesamehewa, unaita `find('hai')`, unahesabu. Komponenti inahitaji uitengenezee kontrola na ombi la kuigiza kwanza.

Je, komponenti haina kazi? Inayo. Kazi inayohusu ombi lenyewe, kama kusoma kichwa cha ombi au kuandika ujumbe kwa mtumiaji, ni yake. Kanuni za fedha si zake. Na ukiiandika, usiipe jina la jedwali. Komponenti iitwayo `Mikopo` ndani ya `MikopoController` itagombania `$this->Mikopo` na jedwali.

## Pale jedwali moja lisipotosha: klasi ya huduma

Kitafutio kinauliza. Kuna kazi zinazotenda, na zinagusa majedwali matatu kwa mpigo. Kupokea rejesho ni mfano mzuri: unaandika rekodi kwenye `Marejesho`, unapunguza salio kwenye `Mikopo`, na kama alichelewa unaandika `Faini`. Ikikatika katikati, hesabu imeharibika.

Na rejesho linaingia kwa milango mitatu. Mweka hazina anajaza fomu siku ya mkutano. Mtandao wa simu unatuma taarifa kwa seva yako mwanachama anapolipa kwa simu, na taarifa hiyo haina mtumiaji aliyeingia wala kuki (cookie ya kivinjari) yoyote. Amri ya usiku nayo hukata rejesho kutoka kwenye akiba ya aliyeridhia. Kontrola mbili na amri moja, zote zikitenda jambo lilelile.

Unaweza kuiweka kazi hii kama methodi ndani ya `MikopoTable`. Kwa mfumo mdogo naikubali, na wapo watunzi hodari wanaoishia hapo. Tatizo ni kwamba `MikopoTable` inaanza kujua habari za faini, za marejesho, za ujumbe wa simu, na baada ya mwaka ina mistari elfu. Mimi nikiona kazi imegusa jedwali la tatu, naiandikia klasi yake:

```php
// src/Huduma/KupokeaRejesho.php
class KupokeaRejesho
{
    use LocatorAwareTrait;

    public function pokea(int $mkopoId, int $kiasi, string $risiti): void
    {
        $mikopo = $this->fetchTable('Mikopo');
        $marejesho = $this->fetchTable('Marejesho');

        $mikopo->getConnection()->transactional(
            function () use ($mikopo, $marejesho, $mkopoId, $kiasi, $risiti) {
                $mkopo = $mikopo->find('hai')
                    ->where(['Mikopo.id' => $mkopoId])
                    ->epilog('FOR UPDATE')
                    ->firstOrFail();

                $marejesho->saveOrFail($marejesho->newEntity([
                    'mkopo_id' => $mkopo->id,
                    'kiasi' => $kiasi,
                    'risiti' => $risiti,
                ]));

                $mkopo->salio -= $kiasi;
                $mikopo->saveOrFail($mkopo);
            }
        );
    }
}
```

(Faini nimeiacha ili msimbo usomeke.) Ona kwamba huduma nayo inatumia `find('hai')`. Haikuandika upya maana ya mkopo hai. `transactional` inahakikisha ama yote yameingia, ama hakuna lililoingia. `FOR UPDATE` inafunga rekodi ya mkopo ule, ili fomu ya mweka hazina na taarifa ya simu zikifika kwa pamoja, moja isubiri nyingine. Na namba ya risiti iwekee faharasa ya pekee kwenye hifadhidata, kwa sababu taarifa za malipo huweza kutumwa zaidi ya mara moja na hutaki rejesho moja lipunguze salio mara mbili.

Kuifikisha huduma kwenye kontrola, iandikishe ndani ya `Application.php`:

```php
public function services(ContainerInterface $container): void
{
    $container->add(KupokeaRejesho::class);
}
```

Kisha itaje tu kwenye kitendo cha kontrola, na CakePHP itakuletea:

```php
public function pokea(KupokeaRejesho $huduma, int $mkopoId)
{
    $huduma->pokea(
        $mkopoId,
        (int)$this->request->getData('kiasi'),
        (string)$this->request->getData('risiti')
    );
    // ...
}
```

Kontena hii, yaani ile `$container` inayotunza huduma, ilianza kuonekana kwenye toleo la 4.2, kwa hiyo mfumo wa toleo la 3 hauna. Hapo hudhuriki sana. Andika `new KupokeaRejesho()` na uendelee, kwani kilicho muhimu ni mahali kazi ilipo.

Gharama yake ni ipi? Faili moja zaidi, na nidhamu ya kuamua nini ni huduma na nini si huduma. Nimeona pia upande wa pili wa kosa: mradi wenye huduma ya kuleta orodha ya wanachama, huduma ya kuleta mwanachama mmoja, huduma ya kuhesabu wanachama, kila moja ikiwa ganda tupu juu ya `find()`. Usifike huko. Kama kazi inauliza tu, ni kitafutio.

## Zikiwekwa safu moja

| Njia | Inakupa nini | Amri ya usiku itaitumia? | Mimi naitumia lini |
|---|---|---|---|
| `fetchTable` | Jedwali tu; masharti unayaandika mwenyewe | Ndiyo | Kila siku |
| Mshale wa uhusiano | Jedwali, na masharti ya uhusiano kama yapo | Ndiyo | Hatua moja tu, mara chache |
| `AppController` | Majedwali kila mahali | Hapana | Kikoba cha sasa, basi |
| Komponenti | Kazi za ombi | Hapana | Ujumbe, vichwa vya ombi |
| Kitafutio | Maana ya neno, kama "hai" | Ndiyo | Kila sharti linalorudiwa mara ya pili |
| Klasi ya huduma | Tendo zima, majedwali mengi | Ndiyo | Fedha ikihama |

## Ukiwa tayari una mfumo unaoendeshwa

Usiuvunje wote. Fungua folda ya `src/Controller` na utafute kila `->where(`. Ziandike kwenye karatasi, kontrola kwa kontrola. Utashangaa ni mara ngapi sharti moja limeandikwa kwa sura mbili au tatu. Mimi kwenye mfumo ule nilikuta sura nne za "amechelewa": moja ilihesabu siku ya mwisho yenyewe kuwa tayari ni kuchelewa, nyingine haikuihesabu.

Hapa kuna jambo ambalo hutalimaliza ukiwa peke yako mbele ya kompyuta. Sura nne zikipingana, hujui ipi ni sahihi, na si kazi yako kuamua. Nilimpelekea mweka hazina zile sura nne, zimeandikwa kwa maneno ya kawaida, nikamuuliza kikundi kinafuata ipi. Alizisoma, akavuta daftari la katiba ya kikoba, akanionyesha kifungu: mwanachama akileta rejesho kabla mkutano haujafungwa, hajachelewa. Hakuna hata sura moja kati ya zangu nne iliyosema hivyo. Kitafutio cha `findIliyochelewa` nilikiandika mezani kwake, saa ya kufunga mkutano ikiwa safu mpya kwenye jedwali la mikutano, na jaribio lake la kwanza alinitajia yeye mwenyewe: mwanachama aliyefika saa kumi na dakika arobaini, mkutano ukifungwa saa kumi na moja.